Somo: Kumsomesha Mtoto Chuo Kikuu Ng'ambo

Kusafiri kwa ajili ya masomo si jambo geni kwa wanaushirika. Mwaka 1953 Paul Bomani, kiongozi wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Wazazi wa Rungwe nao wana haki ya kuwaza hivyo kwa watoto wao. Kosa ni kuuza shamba la chai ili kulipa ada ya mwaka wa kwanza. Shahada huchukua miaka mitatu au zaidi. Shamba huuzwa mara moja tu.

Kabla ya kuuza chochote, mwanachama na afanye yafuatayo:

1. Aorodheshe ada, chakula, malazi, bima, nauli na viza, kwa miaka yote ya masomo.

2. Akumbuke kuwa majani mabichi ya chai hulipwa kwa shilingi, bali ada ya ng'ambo hudaiwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka thamani, mzigo huongezeka hata kama ada haikupanda.

3. Ajiandae mapema. Uingereza, kwa mfano, hutaka fedha ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza.

4. Aulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa.

Katibu naye apime mkopo kwa mapato ya shamba, wala si kwa matumaini ya mshahara ujao.

Swali la kujadili: Mavuno yakipungua mwaka wa pili, ada italipwa na nani?