Somo la Muziki: Kuzipa Pumzi Piano na Fidla za Kompyuta



Kwaya nyingi siku hizi hurekodi nyimbo zao pamoja na piano na kundi zima la fidla, ingawa siku ya kurekodi hakuwapo mpiga fidla hata mmoja. Sauti hizo hutoka katika kompyuta au katika kinanda cha umeme. Jambo hilo si la kulaumiwa. Wanakwaya waliochanga fedha kidogo kidogo hawana uwezo wa kuwalipa wapiga fidla thelathini. Hata hivyo, mara nyingi msikilizaji huisikia kazi yao kwa dakika moja tu, kisha husema, "Kumbe ni mashine." Tangu hapo hasikilizi tena maneno ya wimbo, bali anaisikiliza mashine. Kazi ya miezi mingi imepotea.

Kwa nini hutokea hivyo, na dawa yake ni nini? Hilo ndilo somo letu. Tutaanza na kanuni moja, kisha tutaitumia kwa piano, kwa fidla na ndugu zake, na mwisho kwa ukumbi. Kanuni yenyewe ni hii: kabla ya kuandika noti yo yote, jiulize ni mtu gani angeipiga, na angeipiga kwa kiungo gani cha mwili wake.

1. Sampuli ni nini?

Sampuli ni sauti halisi iliyorekodiwa na kuwekwa tayari kwa kupigwa tena. Mpiga fidla wa kweli aliingia studio akapiga noti moja, nayo ikanaswa. Akapiga ya pili, nayo ikanaswa. Na kadhalika hadi mwisho. Wewe unapobonyeza kinanda, unairudisha noti ile aliyoipiga yeye.

Wazo hili si geni. Mwaka 1963 huko Birmingham, Uingereza, kilianza kutengenezwa kinanda kiitwacho Mellotron, ambacho kila kibonyezo chake kiliendesha utepe wenye sauti iliyorekodiwa. Mwaka 1979 ilitoka Australia mashine ya Fairlight CMI, iliyohifadhi sauti kwa njia ya kompyuta. Mwaka 1983 ilitangazwa MIDI, yaani lugha moja ya kuwezesha vinanda na kompyuta za watengenezaji mbalimbali kuelewana. Katika lugha hiyo nguvu ya kidole huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Tutazihitaji namba hizo hapa chini.

Basi, tatizo si kwamba sauti ni ya uongo. Kila noti ilipigwa na binadamu. Tatizo ni kwamba kila noti ilipigwa peke yake, bila kujua ni ipi itaitangulia wala ni ipi itaifuata. Ni kama kukata maneno kutoka katika hotuba mbalimbali za mtu, kisha kuyapanga yawe hotuba mpya. Kila neno ni lake, lakini hotuba haina pumzi. Kazi yetu ni kuirudisha pumzi hiyo.

2. Piano

Ndani ya piano, kila kibonyezo hurusha nyundo ndogo ambayo hugonga nyuzi. Ukibonyeza kwa nguvu, sauti huwa kubwa, na tena hubadilika tabia, ikawa kali na yenye kung'aa. Ukibonyeza kwa upole, huwa laini. Kwa sababu hiyo watengenezaji wazuri hurekodi noti kwa ngazi mbalimbali za nguvu. Sampuli za Salamander Grand Piano, ambazo hupatikana bila malipo, zina ngazi 16 zilizorekodiwa kutoka piano ya Yamaha C5. Lakini ngazi hizo hazina faida yo yote ikiwa noti zote zimeandikwa kwa nguvu 100. Zingatia mambo manne.

(a) Vidole havilingani nguvu. Sauti tatu au nne zinapopigwa pamoja, mpigaji huitokeza ile inayobeba wimbo. Jaribu kuipa noti ya juu 85, za katikati 60, na ya chini 70. Namba hizi si sheria. Mwamuzi ni sikio lako.

(b) Usinyooshe kila kitu. Programu nyingi zina amri ya kuzipanga noti zote juu ya pigo kamili. Itumie kwa kiasi, maana hata vidole vya fundi huachana kwa sehemu chache za elfu ya sekunde. Wengine huiamuru kompyuta izitawanye noti ovyo, wakidhani huo ndio ubinadamu. Sivyo. Mlevi naye hutembea bila mpangilio, lakini hakuna anayemsifu kwa mwendo wake. Mpiga piano huchelewa kwa sababu: anamaliza sentensi, anaingia mahali pazito, au anamngoja mwimbaji avute pumzi. Chelewesha palipo na sababu.

(c) Kanyagio. Kanyagio la kulia huinua vizuizi vinavyozima nyuzi, na hapo nyuzi huendelea kulia na kuamshana. Katika MIDI ni kidhibiti namba 64. Liachie pale sauti zinapobadilika, ulikanyage tena mara tu baada ya kupiga sauti mpya. Likikanyagwa wimbo mzima, muziki hugeuka tope.

(d) Mipaka ya piano na ya mpigaji. Noti ya piano ikishagongwa hupungua tu, haiwezi kukua. Ukitaka noti ndefu inayokua, hiyo ni kazi ya fidla. Vilevile mtu ana mikono miwili, na mkono mmoja hauenei mbali sana kupita noti nane. Ukiandika sehemu inayohitaji mikono mitatu, sikio litashtuka hata kama msikilizaji hawezi kueleza kwa nini.

3. Fidla na ndugu zake

Ndugu za fidla ni viola, chelo na kontrabesi. Tabia yao ni kinyume cha piano. Piano hugonga na kuacha. Fidla husuguliwa kwa upinde tangu mwanzo wa noti hadi mwisho wake, na wakati wote huo mpigaji aweza kuikuza au kuipunguza. Kwa hiyo noti ndefu iliyonyooka kama ubao ndiyo dalili ya kwanza ya mashine.

(a) Tofautisha nguvu na ukubwa wa sauti. Katika sampuli nyingi za okestra, kidhibiti namba 1 hubadili nguvu ya upigaji, yaani hukuhamisha kutoka sampuli zilizopigwa kwa upole hadi zile zilizopigwa kwa nguvu. Namba 11 hupandisha au kushusha ukubwa tu. Ukichukua sampuli ya nguvu ukaishusha kwa namba 11 peke yake, hujapata upole. Mtu anayefoka, hata ukimsikia kutoka mbali, hajawa mwenye kunong'ona. Anza na namba 1, ipande kuelekea neno kuu la sentensi na kushuka mwishoni. Kisha sawazisha kwa namba 11.

(b) Upinde una urefu wake. Ukifika mwisho hugeuka. Imba mstari wa fidla kwa kinywa chako mwenyewe. Mahali unapotaka kupumua, fupisha noti kidogo. Ndani ya sentensi tumia sampuli za kuunganisha, ambazo zimenasa hata ule mwendo wa kutoka noti moja kwenda nyingine.

(c) Gawa kazi kama kwaya. Hapa ndipo wengi hukosea zaidi. Wanachagua sauti ya kundi zima la fidla, kisha wanaipiga kwa vidole vyote kama piano. Ikiwa sampuli ina wapigaji 16, nawe ukabonyeza noti tatu, umewaita watu 48! Okestra kubwa huwa na fidla za kwanza 16 hivi, za pili 14, viola 12, chelo 10 na kontrabesi 8, na kila kundi lina mstari wake. Wanakwaya wanaijua njia hii tayari. Wape fidla za kwanza mstari wa soprano, fidla za pili alto, viola tena, na chelo besi. Kontrabesi wafuate chelo noti nane chini. Kila mstari uwe wimbo unaoweza kuimbwa peke yake. Kumbuka pia mipaka: fidla haishuki chini ya G iliyo chini ya C ya katikati, na viola huishia C iliyo noti nane chini ya hiyo ya katikati.

(d) Noti zinazorudiwa. Sampuli moja ikirudiwa haraka mara nane, husikika kama bunduki. Chagua sampuli zenye marudio kadhaa ya noti ile ile, ambazo kompyuta huzibadilisha kwa zamu. Kama huna, badili nguvu kila mara: pigo la kwanza zito, yanayofuata mepesi.

(e) Kuchelewa kuitika. Upinde huchukua muda kuifikisha noti kwenye sauti yake kamili. Piano na fidla zikiandikwa juu ya pigo lile lile, fidla zitasikika zimechelewa. Zisogeze mbele kidogo, labda sehemu 50 hadi 100 za elfu ya sekunde, hadi ziingie pamoja. Noti fupi huhitaji kusogezwa kidogo zaidi kuliko hapo, au zisisogezwe kabisa.

4. Ukumbi

Wapigaji wa kweli hukaa katika chumba kimoja, na kila mmoja ana kiti chake. Kwa kawaida fidla za kwanza huwa kushoto kwa msikilizaji, na kontrabesi kulia. Piano nyingi za sampuli zimerekodiwa kana kwamba msikilizaji ameketi mbele ya vibonyezo, noti za chini kushoto kabisa na za juu kulia kabisa. Ndani ya okestra jambo hilo haliwezekani, maana piano ingekuwa pana kama jukwaa zima. Ibane, uiweke mahali pamoja.

Halafu wape wote mwangwi mmoja. Katika ukumbi mkubwa wa Musikverein huko Vienna, uliofunguliwa mwaka 1870, mwangwi hudumu kama sekunde 2 watu wakiwa wamejaa. Kipimo cha namna hiyo chatosha. Lakini angalia kwanza: sampuli nyingine zilirekodiwa ukumbini, nazo tayari zina mwangwi wake. Ukiongeza mwingine mwingi, maneno ya wimbo yatazama.

Kwa maneno ya wimbo twafika kwenye jambo kubwa kuliko yote. Waimbaji wanapoimba, fidla zipungue au zinyamaze, na piano ipunguze noti zilizo katika eneo la sauti zao. Kunyamaza nako ni muziki. Mashine haichoki, kwa hiyo ni juu yako kuipumzisha.

5. Mtu mmoja aliye hai

Kama katika mtaa wenu yupo kijana anayejifunza fidla, mwite. Mrekodi akipiga mstari wa juu pamoja na sampuli zile. Hata fidla moja ya kweli, yenye mkwaruzo wake mdogo wa upinde, huwafunika wale wa kompyuta na kuwafanya wasikike kama wenzake. Tena kijana huyo amepata kazi na moyo wa kuendelea. Kompyuta itusaidie pale ambapo watu hawapo. Isiwe sababu ya kuwaacha waliopo.

Mazoezi

1. Sikiliza Adagio for Strings ya Samuel Barber, iliyopigwa mara ya kwanza na okestra mwaka 1938. Hesabu ni mara ngapi noti ndefu hukaa bila kukua wala kupungua.

2. Sikiliza mwanzo wa konseto ya pili ya piano ya Rachmaninoff (1901). Piano huanza peke yake. Fidla zinapoingia na wimbo, piano hufanya nini?

3. Chukua wimbo mmoja wa sauti nne ambao kwaya yenu inaujua. Waandikie fidla za kwanza, fidla za pili, viola na chelo, kila kundi mstari wake. Kabla ya kugusa kidhibiti cho chote, imba kila mstari na uweke alama mahali unapopumua.

4. Mpe rekodi yako mtu asiyejua lo lote juu ya kompyuta. Usimwulize kama fidla ni za kweli. Mwulize wimbo ulisema nini.