Sungusungu wa Damuni: Seli NK Zinavyomjua Adui

Mhadhiri alipoandika "seli NK" ubaoni, wenzangu waliwaza UE. Mimi niliwaza nyumbani Bariadi. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alivimba taya akiwa na miaka sita. Tukadhani ni jino tu. Wiki zikapita. Majibu kutoka Mwanza yakasema: limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B.

Sisi wa Simiyu tunawajua sungusungu, walinzi wa kijiji walioenea Usukumani miaka ya 1980. Wakikutana na mtu usiku, huuliza: wewe nani, wa kwa nani? Seli NK nazo ziko hivyo. Karibu kila seli yenye kiini hubeba kitambulisho juu yake, protini za MHC daraja la kwanza. NK ikikigusa, breki inakanyagwa, inapita.

Sasa, seli T husoma alama za adui kwenye kitambulisho hichohicho. Kwa hiyo virusi na saratani mara nyingi hukificha. Wakimkwepa huyu, wanaangukia kwa yule: NK ikikosa kitambulisho, breki inalegea. Klas Kärre wa Sweden na wenzake walilithibitisha wazo hili kwa panya mwaka 1986.

Ila breki kulegea hakutoshi, lazima na mafuta yakanyagwe. Seli iliyo taabani hutoa protini kama MICA, na kipokezi cha NK kiitwacho NKG2D huzinasa. NK hupima pande zote mbili ndipo iamue. Ikiamua, hujibana kwenye seli ile na kumwaga perforini, inayotoboa utando wake. Granzaimu hupenya na kuiamuru seli ijiue. Majirani hawaguswi.

Basi kwa nini Burkitt ilipita? Ukanda huu wa Ziwa Victoria una malaria pamoja na virusi vya Epstein-Barr, na ugonjwa huu hufuata viwili hivyo. Watafiti waliochunguza watoto wa magharibi mwa Kenya walikuta, kwa wenye Burkitt na walioumwa malaria mara kwa mara, NK nyingi za aina iliyopungukiwa nguvu ya kuua. Walinzi wapo, ila wamechoka.

Mdogo wangu alipata dawa za saratani, leo yuko darasa la tatu. Uvimbe huu hukua kwa kasi mno, lakini mara nyingi hupona ukiwahiwa. Ukirudi likizo ukaona taya la mtoto limevimba, usiseme ni jino. Mpeleke hospitali wiki hiyohiyo.