Mpunga Uliokaa Chini ya Turubai

Nimelima mpunga Bugarama, nchini Rwanda, tangu niolewe, na mwaka 2021 majirani walinichagua niwe mjumbe wa Njyanama, baraza la umurenge wetu, yaani kata. Njyanama haitungi sheria za nchi. Lakini kila sheria inayopitishwa Kigali huishia huku bondeni, na sisi ndio tunaosimamishwa njiani na kuulizwa. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kuvuna si kuuza

Bonde letu liko chini kuliko sehemu nyingine zote za Rwanda, na joto lake mpunga unalipenda; tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kila nilipopewa nafasi mkutanoni nilisema yale yale: tupande kwa wakati, tuzibue mifereji, tusiache majaruba yakauke. Watu walisikia. Katikati ya mwaka 2024 mavuno yakawa mazuri, halafu mnunuzi hakuja.

Mpunga wetu hupitia ushirika kwenda kiwandani, kwa bei inayotangazwa na Wizara ya Biashara. Safari ile tukaambiwa mchele wa nyuma bado umejaa ghalani. Magunia yakabaki kwenye sakafu ya kuanikia, turubai juu yake. Kila asubuhi nilipenyeza mkono kwenye gunia la katikati nione kama limeshika joto, kisha natia punje mdomoni na kuiuma. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikikauka kupita kiasi, itavunjika mashineni, na chenga hazina bei. Panya walitoboa magunia ya chini. Na Julai ndiyo mwanzo wa mwaka wa mitiweli, bima yetu ya afya, ambayo mwaka huo ilikuwa faranga 3,000 kwa kila mtu wa nyumbani. Sisi tuko sita. Nilikuwa na mpunga wa kulisha mtaa mzima, na faranga 18,000 za matibabu sina.

Tarehe 14 Agosti Rais Paul Kagame aliutaja mpunga wa Bugarama siku ya kuwaapisha wabunge wapya, akawakemea viongozi. Serikali ikaingilia kati, mpunga ukapata mnunuzi. Nilishukuru sana. Niliona aibu pia, kwa sababu wenzangu nami tulikaa vikao vingi kuhesabu mavuno tunayoyatarajia, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kuuliza nani atayanunua.

2. Mpaka ukifungwa, hufungwa hadi jikoni

Ng'ambo moja tuna Kamanyola ya Congo, ng'ambo nyingine Burundi kupitia Ruhwa. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake nasi. Kwenye mikutano tuliongea habari ya bidhaa: ndagaa wa Tanganyika, nyanya, wateja waliopotea. Ni kweli, akina mama waliokuwa wakivuka na beseni kichwani asubuhi na kurudi jioni walibaki bila mtaji.

Lakini wifi yangu ameolewa Rugombo, upande wa Burundi. Mama mkwe alipofariki, hakuweza kuja kumzika mama yake. Tulishika simu karibu na kaburi ili asikie dua na kuitikia amina. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu akisema biashara ya mpakani ni jambo la wafanyabiashara, namkatiza.

3. Sema lugha ya sokoni

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Bugarama tulikuwa tumeshakizoea, maana ndicho kinachopatanisha bei. Nilipoanza kueleza mambo ya ushirika kwa Kinyarwanda na Kiswahili pamoja, wazee waliokuwa wakikaa nyuma kimya walianza kuuliza maswali.

4. Tazama jina lililo kwenye daftari

Hili ndilo linalonigusa zaidi. Tangu sheria ya 1999 mtoto wa kike anarithi kama kaka yake, na hati za ardhi za watu waliofunga ndoa zina majina ya wote wawili. Tunasifiwa kwa hilo, na ni haki yetu. Lakini katika ushirika mmoja ninaoujua, daftari lilikuwa na jina moja kwa kila nyumba, karibu yote ya wanaume. Mke anapandikiza akiwa ameinama kutwa, anapalilia, anaamia ndege kuanzia alfajiri hadi sauti inakauka. Malipo yanaingia kwenye akaunti ya mume.

Jioni moja, katika Umugoroba w'Imiryango, kikao chetu cha familia, mama mmoja alisimama akasema alijua malipo yametoka siku ya nne, pesa zilipokuwa zimeshaisha. Hakulia. Alikuwa akiangalia viganja vyake tu.

Nikapendekeza majina mawili yaandikwe, na kila mmoja apate ujumbe wa simu pesa zikiingia. Wazee wawili waliinuka wakatoka, wakisema ninavunja nyumba za watu. Mimi naamini nyumba huvunjwa na pesa zinazofichwa. Mume wangu alisimama, akaomba kalamu, akaandika jina langu chini ya lake. Sikuwa nimemwomba.

5. Anayetaka kutujua aje Julai

Waheshimiwa wabunge, mnatukuta ukumbini, viti vimepangwa na hotuba zimeandikwa. Naomba safari ijayo mje wakati wa mavuno, na kabla ya kuingia ukumbini mpitie kwenye sakafu za kuanikia. Muulize gunia la chini lina siku ngapi pale, na mwenye gunia hilo mumuulize akiwa pamoja na mkewe.