Dondoo muhimu: Ganzi ya jino kwa mwenye presha au ugonjwa wa moyo

Lidokeini, dawa ya ganzi inayotumika sana, mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili ganzi idumu na damu isitoke nyingi. Kwa wagonjwa wengi wa moyo ni salama, tahadhari zikizingatiwa.

• Sema yote kabla ya sindano: presha, mshtuko wa moyo, kiharusi, na dawa unazotumia, hasa propranololi.

• Meza dawa zako kama kawaida. Usiache aspirini wala warfarini bila ushauri wa daktari.

• Omba upimwe presha. Ikifika 180/110, matibabu yasiyo ya dharura huahirishwa.

• Kipimo: mgonjwa wa moyo kwa kawaida hapewi zaidi ya mikrogramu 40 za adrenalini, yaani takriban vichupa 2 vya mililita 1.8 vyenye adrenalini ya 1:100,000.

• Sindano iingie taratibu, daktari akihakikisha kwanza haijaingia kwenye mshipa wa damu.

• Usiikatae ganzi kwa hofu. Maumivu nayo huufanya mwili umwage adrenalini yake wenyewe.

• Moyo ukienda mbio kwa dakika chache, kwa kawaida hutulia. Kifua kikiuma au pumzi zikibana, mwambie daktari papo hapo.