Somo la Mwezi Huu: Siku ya Kuonja Divai huko Blaye

Ndugu mkulima, asubuhi unapopeleka maziwa kituoni, karani hufungua mkebe na kunusa. Yakiwa na harufu mbaya, unarudi nayo nyumbani. Je, wewe mwenyewe uliyanusa kabla ya kuondoka? Mwezi huu tutajifunza jambo hilo kwa wakulima wa zabibu wa Ufaransa.

Blaye ni mji mdogo kusini-magharibi mwa Ufaransa, kando ya maji mapana ya Gironde, kaskazini ya mji mkubwa wa Bordeaux. Hapo ipo ngome ya mawe iliyokamilika mwaka 1689. Kwa desturi, mwezi wa Aprili, baridi inapopungua na mizabibu inapochipua, wakulima hukusanyika ndani ya ngome hiyo kwa sikukuu ya kuonja divai.

Fikiri ya kwamba umefika huko. Unanunua bilauri moja, nawe unatembea nayo kutoka meza hadi meza. Nyuma ya meza amesimama mkulima mwenyewe na chupa za shamba lake. Sasa fanya hivi:

1. Tazama. Inua bilauri penye mwanga. Divai nyekundu ikizeeka, rangi yake huelekea kuwa ya matofali.

2. Nusa. Zungusha bilauri polepole ili harufu ipande. Divai iliyoharibika hunuka kama siki.

3. Onja. Chukua kidogo, uizungushe mdomoni. Utasikia uchachu, na tena ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Ukakasi huo hutoka hasa katika maganda na kokwa za zabibu.

4. Tema ndani ya chombo kilichowekwa mezani. Usicheke! Hiyo si dharau. Aliyelewa hawezi kupima kitu.

Mwangalie sasa mkulima. Anakutazama uso. Ukikunja uso, anauliza sababu. Amelima mwaka mzima, na siku hii anasikia kwa masikio yake jinsi jasho lake lilivyo mdomoni mwa mnunuzi. Wala hawezi kuandika jina la Blaye juu ya chupa apendavyo. Kwa mpango uliowekwa na sheria ya Ufaransa ya mwaka 1935, jina la mahali lina masharti: zabibu zitoke huko, ziwe za aina zilizokubaliwa, na mavuno ya kila hekta yasipite kiasi.

Usidhani watu hao hawana taabu. Mwishoni mwa Aprili 2017 baridi kali ya usiku iliunguza machipukizi ya mizabibu katika nchi ya Bordeaux, na mavuno yakapungua sana. Na iko taabu nyingine. Wafaransa wengi siku hizi hunywa divai kidogo kuliko wazee wao. Mwaka 2023 ulitangazwa mpango wa kuwalipa wakulima wa Bordeaux Euro 6,000 kwa kila hekta, yaani karibu eka mbili na nusu, ili wang'oe mizabibu. Divai ilizidi wanunuzi, na mashamba yaliyoachwa bila kutunzwa yaliwaletea majirani hatari ya magonjwa. Ni uchungu kung'oa mti uliopandwa na baba yako.

Basi, sisi tufanye nini? Kahawa yetu nayo huonjwa. Waonjaji huinywa kwa kijiko, huitema, kisha huipa daraja, na bei hufuata daraja. Kikapu kimoja chenye matunda mabichi huharibu kazi ya jirani zako wote kiwandani. Chuma matunda mekundu tu. Nusa maziwa yako kabla ya karani. Na katika mkutano wa chama cha ushirika, usiulize bei peke yake. Uliza pia kahawa yetu ilipata daraja gani, na kwa nini. Asiyejua ladha ya mazao yake huuza gizani.

Maswali ya kujibu pamoja na jirani zako:

1. Kwa nini mwonjaji hutema divai?
2. Jina la Blaye lina masharti gani?
3. Kwa nini mizabibu mingi iling'olewa?
4. Je, umewahi kuonja kahawa ya shamba lako?