Ganda likigoma kwenye kalibu

Kwa wapiga shabaha wa Marekani wanaojaza upya risasi za .308 Winchester, ganda la shaba likinasa kwenye kalibu inayolibana lirudie umbo lake, mara nyingi limekosa mafuta ya kutosha. Kulilazimisha kutoka huishia kung'oa ukingo wa kitako. Mafuta yakizidi nayo hubonyeza bega la ganda. Vijishimo hivyo vidogo kwa kawaida ni kasoro ya sura tu.

Hatari hasa ni mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako. Hapo shaba imevutika ikawa nyembamba, aghalabu kwa sababu bega limekuwa likirudishwa nyuma kupita kiasi. Kwa bunduki ya boliti, kulirudisha milimita 0.05 hutosha. Ili kukagua, waya wenye ncha iliyopindwa hupitishwa ndani ya ganda. Ukikwama kwenye mfereji mahali hapo palipokuwa pembamba, ganda hutupwa.

Urefu wa ganda usizidi milimita 51.18, nao hupimwa baada ya kulibana kwenye kalibu, si kabla.