Usibonyeze Kitundu cha Ruta: Mwongozo kwa Watumiaji wa Intaneti ya Nyumbani, Machakos

Malalamiko kuhusu intaneti ya nyumbani yanatufikia kutoka Mlolongo na Syokimau hadi Mumbuni na Tala, na kosa moja linajirudia. Mtu ameona intaneti inajikokota, akachukua sindano, akabonyeza kitundu kilichoandikwa RESET nyuma ya ruta. Usibonyeze kitundu hicho.

Kuzima ruta na kuiwasha hakuharibu kitu. Mipangilio yote hubaki. Kukibonyeza kitundu kwa sekunde kama 10 ni jambo jingine kabisa. Ruta hurudi ilivyotoka kiwandani, na jina na nywila alizoingiza fundi ili mitambo ya kampuni iitambue laini yako hufutika. Kwenye mitandao mingi, nyumba hukaa bila intaneti mpaka jina na nywila hizo ziingizwe upya. Wala kasi haiongezeki, maana kasi ya kifurushi ulicholipia hupangwa kwenye mitambo ya kampuni.  

Hatari kubwa zaidi ni ya usalama. Ruta iliyobonyezwa hurudia nywila ya kiwandani ya kufungulia mipangilio yake, ambayo kwa ruta nyingi inajulikana wazi. Aliyeunganishwa kwenye waifai yako anaweza kuingia kwenye mipangilio hiyo, akabadilisha anwani za DNS, yaani zinazoielekeza ruta kwenye tovuti unayoitafuta, nawe ukidhani unafungua ukurasa wa benki ukapelekwa kwenye wa bandia. Tunasema tena: usibonyeze.

Stima ikipotea na kurudi, ruta ya faiba huchukua dakika kadhaa kuamka. Subiri, kisha tazama taa. Taa nyekundu ya LOS ina maana kwamba mwanga haufiki: waya umekatika, umechomoka au umepindwa. Ndani ya waya huo mna uzi wa kioo. Ukibanwa nyuma ya kochi au kwenye bawaba ya mlango, mwanga huvuja na laini huanza kukatika-katika. Ruta ya kawaida ya GPON, yaani ya faiba ya nyumbani, hushindwa kuusoma mwanga uliodhoofika kupita -27 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Hapo hakuna mpangilio utakaokusaidia. Pigia kampuni simu.

Taa zikiwa sawa na kasi bado ni ndogo, unganisha kompyuta kwa waya, upime. Kwa waya ikienda vizuri, tatizo ni waifai. Kwenye ploti iliyojaa ruta, masafa ya 2.4 GHz husongamana. Chagua chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na upana wa 20 MHz. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi, ila kuta za mawe huyadhoofisha haraka. Yote haya hubadilishwa kwenye mipangilio ya ruta, bila kugusa kitundu.

Kampuni isipokusaidia, haki zako zinalindwa na sheria za Kenya za ulinzi wa watumiaji. Lalamika kwanza kwa kampuni, uhifadhi namba ya malalamiko, kisha ndipo uende kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Masharti mengine yamo kwenye mkataba wako.

 Fundi asiye na kitambulisho cha kampuni asiiguse ruta yako, na wewe usikiguse kitundu.